Kusikia kwa Mbavu

Nilipokuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, kazi iliyonilisha ilikuwa safu ya maajabu ya sayansi katika gazeti moja la Kiswahili jijini Nairobi. Kila wiki mhariri alinirundikia mezani majarida ya ng'ambo, nami nikachagua habari moja na kuigeuza iwe kitu ambacho mwalimu wa Mwatate au mpiga pasi wa Nakuru angeweza kusoma akisubiri chai. Niliandika juu ya simu ambayo mtu ataitia mfukoni na kutembea nayo, juu ya treni itakayoelea bila kugusa reli, juu ya nyota zilizokwisha kufa ambazo mwanga wake bado uko safarini kuja kwetu. Mhariri alinipa sheria moja tu.

"Andika kama unamweleza mama yako," alisema.

Hakujua alichokuwa anasema. Mama yangu alikuwa anaishi chini ya mlima Kasigau, na alikuwa kiziwi.

Asubuhi moja, katikati ya miaka ya themanini, nilikuta katika rundo hilo habari ya ndovu. Mtafiti mmoja alikuwa amekaa kando ya kizimba chao, na ingawa palikuwa kimya alihisi hewa ikimpiga kifuani, kama mtu aliyesimama karibu na ngoma kubwa. Aliitafuta sababu mpaka akaipata. Ndovu walikuwa wakisemezana kwa sauti nzito mno, chini kabisa ya ngazi ambayo sikio la binadamu linaweza kuifikia.

Nilianza kuieleza kwa wasomaji wangu kwa furaha. Umewahi kusikia arusi iliyo mbali, niliandika, kijiji cha pili au cha tatu? Nyimbo huzisikii, vigelegele vinapotelea njiani, lakini ngoma kubwa inakufikia. Ndivyo ilivyo. Sauti nyembamba hukatikakatika ikigonga miti na majani, nayo sauti nzito hupita tu. Kwa hiyo ndovu aliye mbali, asiyeonekana wala kunusika, anaweza kumwita mwenzake aliye upande wa pili wa pori, na sisi tuliosimama katikati yao tukadhani nyika imenyamaza.

Kisha nikafika mahali pa kuipa sauti hiyo jina, na kalamu ikasimama. Jina nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisikia nikiwa na miaka kumi na mitano, uani kwetu, na nilikuwa nimelizuia lisifike popote.

Nilipokuwa na miaka minne mama aliugua malaria kali. Alipewa kwinini nyingi, akapona, lakini masikio yake yalibaki na mlio kama wa nyenje, kisha mlio nao ukaondoka. Tangu hapo alitusikiliza kwa macho. Alisoma midomo yetu, Kidawida cha nyumbani na Kiswahili, na ukimwongelesha huku unatafuna alikuambia umeze kwanza. Kanisani alikaa benchi la kwanza, kando ya kinanda, kiganja amekibandika kwenye ubavu wa mbao zake. Wimbo uliposhuka sauti za chini aliitikia kwa kichwa. Kwaya ilipokosea besi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja uso.

Shamba letu lilikuwa ukingoni, lile la mwisho kabla ya nyika kuanza. Mahindi yalipokaribia kukomaa ndovu walikuja kutoka upande wa Ndara, jioni jua likiwa limeshuka kwenye miti, na familia iliyokuta wamekwisha kuingia ilikula ugali wa kuomba mwaka mzima. Baba alifanya kazi Voi, katika kikosi cha kutengeneza njia ya reli, na likizo moja alituletea kipande cha reli, akakitundika kwa waya kwenye mgunga ulio uani. Ukikigonga kwa chuma, mashamba yote ya upande wetu yalisikia, na watu wakatoka na madebe, mbwa na mienge.

Aliyekigonga ni mama. Alikuwa anapepeta, au anamenya mbaazi, kisha mkono wake ukasimama, ukaenda chini ya titi la kushoto, ukatulia hapo juu ya mbavu.

"Wanasema," aliniambia, akainuka.

Mara nyingi ndovu walionekana kabla jua halijazama. Mara nyingine hawakuja, na watu walirudi nyumbani wakinung'unika kwamba wameacha sufuria motoni, mpaka asubuhi mmoja wao akaziona nyayo kwenye mchanga ng'ambo ya korongo. Kuna siku nyayo nazo hazikuonekana. Sitaki kumfanya mama kuwa mtabiri. Lakini miaka hiyo yote hawakuwahi kuingia bila yeye kugonga.

Aliyemtania zaidi alikuwa binamu yake baba, ambaye shamba lake lilipakana na letu. Alisimama kwenye ua wa mpakani, akafungua mdomo kama anayemlisha mtoto ili mama asome vizuri.

"Shemeji, mbavu zinasemaje leo?"

"Zinasema ulale na viatu."

"Sina viatu, shemeji."

"Basi zinasema ukimbie mapema."

Walicheka wote wawili. Halafu alikwenda kuweka debe lake karibu na mlango.

Nilipoingia kidato cha pili, katika shule ya wasichana huko milimani, mwalimu wetu wa fizikia alichora ubaoni mstari mrefu. Sikio la binadamu, alisema, husikia kuanzia mitetemo ishirini kwa sekunde hadi elfu ishirini. Chini ya hapo, kwetu sisi, hakuna sauti. Niliuchora mstari ule kwa wino mwekundu. Nilipenda mistari. Nilitoka mahali ambapo kila kitu kiliambiwa kwa mazoea, na hapa palikuwa na namba inayosema sauti inaanzia hapa, na nyuma ya hapa hakuna kitu.

Likizo ya Agosti nilirudi nyumbani na mstari wangu.

"Mama, usiseme unawasikia ndovu. Kusikia ni kwa masikio."

"Basi nisemeje?"

"Sema unawahisi."

Alifikiri. "Kuhisi ni kudhani," alisema. "Mimi sidhani."

Juma lile lile mgeni alikuja. Alikuwa Mzungu kijana mwenye ndevu, aliyekuwa akichunguza ndovu kwenye ranchi za Ndara, na huko wachungaji walikuwa wamemwambia habari za mwanamke wa Kasigau anayejua ndovu wakija ingawa hasikii hata mbwa akibweka. Alituma ujumbe kwamba angependa kumwona. Jambo kama hilo halikuwa limewahi kutokea. Watu waliotaka kumwona mama walikuwa wanataka mbegu, au kumcheka.

Mama alivaa gauni la kanisani asubuhi ya Jumatano. Alitoa viti viwili uani, akakipangusa cha mgeni mara mbili, akanitazama.

"Leo Kiingereza chako kifanye kazi," alisema.

Mgeni aliweka mashine ya kurekodi sauti juu ya kigoda, na kanda ikaanza kuzunguka. Binamu yake baba alikuwa ameegemea mgunga, mikono nyuma, akijizuia kutabasamu. Mgeni aliuliza kwa Kiingereza mama anajuaje kwamba ndovu wako karibu, nami nikaligeuza swali kwa midomo iliyo wazi.

Mama alijibu kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya nyumbani, ili mgeni naye apate kuokota neno mojamoja. Alisema taratibu, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia.

"Mwambie nawasikia. Si kwa masikio. Nawasikia kwa mbavu, hapa, kama kinanda. Kabla ya kuja wanasemezana. Yule mkubwa anasema, wengine wananyamaza. Halafu wanamjibu."

Mgeni alinigeukia, kalamu tayari.

Kiingereza kina neno moja la kazi ya masikio na jingine la mambo ya mwilini. Kiswahili chetu hubeba yote kwa neno moja: tunasikia kengele, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Anayetafsiri akifika hapo lazima achague njia. Mama alikuwa ameshanionyesha njia ipi. Lakini nilimwona binamu yake baba akisubiri, nikaona kalamu ya Mzungu, nikauona mstari mwekundu katika daftari langu, na nikaona haya kwamba mimi, wa kwanza darasani, niwe mtoto wa kiziwi anayedai kusikia kisichosikika. Nikachukua njia ya mwilini. Kisha nikatia jambo ambalo hakulitaja.

"Mama anasema jioni anasikia maumivu kifuani," nilimwambia kwa Kiingereza. "Anawaogopa sana ndovu."

Sikukosea. Mtu akikosea hugundua baadaye. Mimi nilijua nikiwa bado naongea.

Uso wa mgeni ulibadilika, ukawa mpole, kama wa mtu anayemtembelea mgonjwa. Aliuliza maumivu yameanza lini.

"Anauliza tangu lini," nilimwambia mama.

"Tangu masikio yalipokwenda."

Nikamwambia mgeni ni miaka kumi na zaidi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga daftari.

Watoto wa jirani walikuwa wamejaa uani kutazama mashine. Mgeni, ambaye nadhani alikuwa mtu mwema aliyesikitika kwamba amekuja bure, aliirudisha kanda nyuma na kuwachezea kidogo. Kwanza aliicheza kama kawaida, kisha akabonyeza kitu, ikaanza kwenda mbio, na sauti nzito ya mama yangu ikatoka nyembamba kama ya chiriku. Watoto walianguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Mama alitazama midomo yetu.

"Mnacheka nini?"

"Sauti yako inakwenda mbio."

Aliinama akaweka kiganja juu ya mashine, kama juu ya kinanda, akatabasamu.

Mgeni alikwenda kwenye gari lake akarudi na chupa ndogo ya vidonge. Alimpa mama kwa mikono miwili, kwa heshima, akaondoka. Vumbi lilipotulia mama alinionyesha chupa.

"Za nini hizi?"

"Za kifua."

"Nani anaumwa kifua?"

Palikuwa bado na nafasi. Gari lilikuwa halijafika korongoni. "Amesema hiyo mitetemo ni ugonjwa," nikamwambia. "Ukimeza itakwisha."

Aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu baada ya mimi kuufunga.

"Ulimwambia nasikia?"

"Nilimwambia."

"Neno lenyewe?"

"Neno lenyewe, mama."

Aliimeza dawa asubuhi na jioni, na uji. Aliniamini. Mimi ndiye niliyesoma.

Wiki ya pili tulikuwa tumekaa uani jioni, yeye akimenya mbaazi, mimi nikisoma. Niliona mkono wake ukisimama. Ukaenda kwenye mbavu. Alikitazama kile kipande cha reli, akanitazama mimi, na mimi nikashusha macho kwenye kitabu. Nilisikia kigoda kikisogea. Nilidhani anaelekea kwenye mgunga. Aliingia ndani, akamimina maji, akameza kidonge.

Ndovu waliingia kwa upande wa binamu yake baba jua likiwa bado linaonekana. Walikuwa wanane. Walikula kwake, wakapita kwetu, wakang'oa hata migomba ya karibu na jiko, na tulipopata madebe walikuwa wameshiba.

Kesho yake binamu yake baba alikuja akasimama palipokuwa na ua wa mpakani. Alifungua mdomo wake vile vile, lakini hakutania.

"Shemeji, jana mbavu zililala?"

"Kumbe kilikuwa kifua tu," mama alisema. "Mgeni amenipa dawa."

Yule binamu aliitazama migomba iliyong'olewa. "Pole, shemeji," alisema mwishoni. "Kifua kinasumbua."

Nilikuwa nimesimama kati yao na ndoo ya maji. Nikaipeleka ndoo jikoni. Binamu yake baba hakuuliza tena habari za mbavu, na kabla ya mvua za vuli alihamisha familia yake kwenda kutafuta kazi katika shamba la mkonge karibu na Voi. Mimi nilirudi shuleni. Mtihani wa fizikia nilipata alama nzuri.

Habari ile ya ndovu niliyoikuta Nairobi ilikuwa na sehemu ya pili, ambayo niliisoma nikiwa nimeishika meza. Watafiti waliithibitishaje sauti ambayo hakuna aliyeisikia? Walirekodi kimya. Kisha wakakicheza kile kimya kwa mwendo wa kasi, kwa sababu kanda ikienda mbio sauti hupanda, na kutoka kwenye kimya wakatoka ndovu, wakiitana na kuitikiana. Mmoja anasema. Wengine wananyamaza. Halafu wanajibu.

Ni ule mchezo. Ule uliofanywa uani kwetu kuwachekesha watoto, na mwenye mashine, na mwenye mbavu, wakiwa wamekaa hatua mbili mmoja kutoka kwa mwingine, na mimi katikati yao nikilipwa sifa kwa Kiingereza changu.

Sijui kwa hakika mama alikuwa anasikia nini. Huenda ni ndovu. Huenda ni tabia ya ndege, au upepo, au miaka mingi ya kukaa ukingoni. Wanaojua mambo haya wangeweza kumpima. Kulikuwa na mtu aliyekuja na kalamu kwa ajili hiyo hasa. Ninachojutia si kwamba mama alikuwa sahihi na mimi nikakosea. Ninajutia kwamba sitajua kamwe, wala yeye, kwa sababu jaribio lenyewe nililizima mimi.

Niliimaliza makala. Mahali pa jina niliandika "sauti isiyosikika", kwa kuwa ndilo lililokuja bila kuuma. Ilipochapishwa nilipanda treni mpaka Voi, na kutoka hapo lori la magunia mpaka Kasigau, gazeti likiwa kwenye kikapu.

Mama alikuwa amezeeka upande mmoja, bega la kulia likiwa chini. Macho yake yalikuwa hayawezi tena herufi ndogo, lakini midomo bado aliisoma. Tulikaa uani.

"Mama, wamegundua kwamba ndovu wanasemezana."

"Nani wamegundua?"

"Watafiti. Ng'ambo."

"Ng'ambo kuna ndovu?"

"Wamefungiwa, watu wanakwenda kuwatazama."

"Maskini," alisema. "Sasa wanaambiana nini, na wamefungiwa?" Kisha akakunja uso, akikumbuka. "Yule mgeni wa ndevu ndiye aliyewaambia?"

"Hapana. Yeye hakujua."

"Si nilimwambia."

Kwa mama yangu huwezi kukiri kosa ukiwa umeinamisha kichwa. Huwezi kulisema kwa kunong'ona, wala kwa haraka, wala ukiwa umefunika mdomo. Ilinibidi niinue uso, nimtazame, na kulitamka kila neno kwa upana, kama ninayemlisha mtoto. Nilimwambia alichosema yeye, na nilichosema mimi.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

Alinyoosha kitambaa kwenye magoti yake. "Nilizimeza zote," alisema.

"Najua."

"Zilikuwa chungu. Zilipokwisha nikaendelea bila dawa. Mkono ukitaka kwenda hapa naukataza. Sasa hautaki tena."

"Hata kanisani?"

"Kanisani nilihamia benchi la nyuma."

Kipande cha reli kilikuwa bado kwenye mgunga, waya umeingia ndani ya gome. Upande uliokuwa shamba la binamu yake baba palikuwa na vichaka tu. Nilitaka aseme neno la kunihukumu au la kunisamehe, lolote, na yeye akanyoosha kidole kwenye gazeti.

"Soma."

Nikamsomea. Nilimsomea habari za arusi iliyo mbali na ngoma inayofika pasipofika nyimbo, naye akaitikia, maana hilo alilijua. Nilimsomea habari za kanda inayokwenda mbio. Nilipofika kwenye lile jina aliinua mkono kunisimamisha.

"Hapo. Umesema sauti gani?"

"Sauti isiyosikika."

Akanitazama mdomoni, akisubiri kama kuna neno lililobaki.

"Isiyosikika na nani?"

Mhariri alikuwa ameisahihisha makala ile mara mbili, nukta na tahajia, na hakuwahi kuliuliza swali hilo.

"Na mimi," nilisema, kwa mdomo mpana, ili aone vizuri.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama zamani wimbo uliposhuka sauti za chini. Kisha akainuka, akaenda kufungia kuku.